Nisome Kipi Sasa? Vitabu Vinavyopita Mkono kwa Mkono Kapseret

MAKALA MAALUMU

Jalada la mbele lilikwisha kung'oka zamani. Mahali pake pameshonwa kipande cha katoni kwa uzi mweusi wa cherehani, na juu ya katoni mtu ameandika kwa wino: Siku Njema. Ukifungua, ukurasa wa kwanza una majina, moja chini ya jingine, kila moja kwa mwandiko wake. Aliyerudisha kitabu amekatwa kwa mstari. Aliyekaa nacho mno amewekewa alama ya kuuliza pembeni.

Mwenye nakala hiyo ni fundi wa nguo mtaani Langas, Kapseret, kusini mwa jiji la Eldoret. Kitabu hukaa kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na tepu ya kupimia. Mteja anayesubiri suruali yake ipunguzwe kiunoni hupewa akisome papo hapo. Kikimnogea, anaandika jina lake na kwenda nacho nyumbani.

Kilichonivutia zaidi ni namna fundi huyu anavyopendekeza kitabu. Hasemi kwamba ni kizuri. Humuuliza mtu alisoma nini mara ya mwisho, na lini. Kisha humweleza kwamba kuna kijana wa Tanga aliyefiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, akafunga safari kumtafuta baba asiyemjua, na safari hiyo ikamleta huku kwetu, hadi Kitale. Mkazi wa Langas anaijua barabara ya Kitale, na pengine ana shangazi huko. Hapo mkono wake unanyooka wenyewe kukichukua.

Katika Kapseret, mtu mzima anayetaka kusoma riwaya anategemea watu wa aina hii kuliko anavyotegemea maktaba, duka au shule. Swali la "nisome kipi sasa?" linaulizwa kwenye vibanda vya chai, kwenye vyama vya akina mama, baada ya ibada na kwenye vikundi vya WhatsApp. Majibu yanayotolewa ndiyo yanayoamua ni waandishi gani watasomwa na ni wangapi watasahaulika.

Maktaba iko, ila si hapa

Kapseret ni eneobunge lenye wadi tano: Simat/Kapseret, Kipkenyo, Ngeria, Megun na Langas. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko huku, kando ya barabara ya kwenda Kisumu. Kuna mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, halafu kuna Langas, ambako Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mkisii na Mluo hupanga vyumba kwenye ploti moja na kusikizana kwa Kiswahili.

Mtu akiitazama ramani anaweza kudhani eneo hili limezungukwa na vitabu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko jirani huko Kesses, na maktaba yake kubwa ina jina la Margaret Thatcher. Kuna pia maktaba ya umma mjini Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024.

Lakini maktaba ya chuo imewekwa kwa ajili ya wanachuo na walimu wao. Ile ya mjini inamtaka mkazi wa Megun au Ngeria alipe nauli ya kwenda na ya kurudi, kisha ailipe tena siku ya kurudisha kitabu. Kwa kibarua wa shamba, hiyo ni pesa ya unga. Hatakosa kusoma kwa sababu hapendi. Atakosa kwa sababu kitabu kimoja kimemgharimu safari mbili.

Mpendekezaji mkuu wa taifa

Wakenya wengi wamependekezewa riwaya na mmoja tu maishani mwao: serikali. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo huidhinisha vitabu teule vya fasihi vinavyotahiniwa kwenye mtihani wa kidato cha nne, KCSE, na orodha hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kizazi kimoja kilisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Kingine kikapata Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Wakaja wa Chozi la Heri ya Assumpta Matei pamoja na Kigogo ya Pauline Kea. Baada yao wakafuata wa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege.

Mwaka 2023 watahiniwa wa KCSE walikuwa zaidi ya 900,000. Hakuna mwandishi wa Kiswahili nchini anayeweza kupata wasomaji wengi hivyo, kwa mwaka mmoja, kwa njia nyingine yoyote.

Nguvu ya namna hiyo imewahi kuonekana kwingine. Mwaka 1996, shirika la uchapishaji la Longhorn lilipotoa Siku Njema ya Walibora, huko Marekani mtangazaji Oprah Winfrey alianza kutaja kwenye kipindi chake kitabu kimoja cha kusomwa na watazamaji wake. Kitabu alichokitaja kiliuzwa kwa wingi usio wa kawaida, na wachapishaji wakawa wanasubiri kinywa chake. Barack Obama naye, kabla ya kuja Kenya Julai 2018, alitoa orodha ya vitabu vya Afrika, na ndani yake mlikuwa na A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Oprah alikuwa na hiari ya kusoma au kuacha. Mtahiniwa wetu hana.

Hapo ndipo walimu na wapenzi wa fasihi hugawanyika. Wapo walimu wanaosema, na wana hoja, kwamba bila vitabu teule watoto wengi wa Kapseret wangemaliza shule bila kugusa hata riwaya moja ya Kiswahili. Wengine wanalalamika kwamba mtihani umekigeuza kitabu kuwa orodha ya maudhui, wahusika na mbinu za uandishi. Mwanafunzi hununua mwongozo, hukariri "dhuluma, ukabila, nafasi ya mwanamke", na riwaya yenyewe hubaki kwenye dawati.

Nimewahi kuzungumza na vijana waliopata alama nzuri za fasihi lakini hawawezi kukusimulia kilichowapata wahusika baada ya sura ya tano. Siwalaumu. Walifundishwa kukitafuta kwenye kitabu kile ambacho mtahini angekiuliza.

> Mkenya humaliza KCSE akiwa amesoma kitabu alichoamriwa. Wa kumwonyesha anachoweza kukipenda hajaja bado.

Mimi sitaki orodha hiyo ifutwe. Imewapa waandishi wetu chakula na jina, na imewafikishia vijana vitabu vizito. Ninachosema ni kwamba siku mtihani unapoisha anahitajika mtu wa pili, ajitokeze na kumwambia kijana: ikiwa ulimpenda Amani wa Kidagaa, mwandishi huyohuyo ana kijana mwingine, anaitwa Kongowea, yule wa Tanga katika Siku Njema. KCSE inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, mtaala mpya ukishika nafasi yake yote. Orodha zitabadilika, ila hitaji la mtu huyo wa pili litabaki palepale.

Duka lilikokwenda

Zamani mtu huyo wa pili angeweza kuwa muuza vitabu. Muuzaji mzuri huwajua wateja wake, humwekea huyu riwaya ya upelelezi na yule diwani. Kazi hiyo imedhoofika, na sababu zinajulikana.

Ya kwanza ni kodi. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviweka vitabu kwenye kodi ya asilimia 16. Ya pili ni usambazaji. Tangu mwaka 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Maduka ya miji midogo yaliyokuwa yakiishi kwa mauzo ya Januari yalipoteza biashara kwa mkupuo.

Wizara ya Elimu ilikuwa na sababu za kutosha. Ilitaka kila mwanafunzi awe na kitabu chake kwa kila somo, na ilitaka kuziba mianya ya wizi, ambako shule zilidai fedha kwa wanafunzi wasiokuwepo. Mzazi wa Kipkenyo ambaye mtoto wake alikuwa akichangia kitabu kimoja na wenzake watatu hana sababu ya kuupinga mpango huo.

Wauza vitabu nao walieleza kwamba vitabu vya kiada ndivyo vilivyokuwa vikibeba gharama za duka, na riwaya zilikuwa zikipata rafu kwa hisani ya vitabu hivyo. Bila Hisabati za Januari, hakuna pesa ya kuweka Shafi Adam Shafi dirishani Juni. Pande zote mbili zimesema kweli. Hata hivyo, riwaya ndiyo iliyolipa gharama ya suluhisho.

Kilichobaki kwa mnunuzi wa kipato kidogo ni wauza vitabu vya mitumba wanaotandika turubai kando ya barabara mjini Eldoret. Ukiinama hapo utaona wanachouza zaidi: Rich Dad Poor Dad ya Robert Kiyosaki, Think and Grow Rich ya Napoleon Hill, vitabu vya maombi, na vya ndoa. Riwaya ya Kiswahili ikionekana, huwa ni kitabu teule cha miaka iliyopita chenye muhuri wa shule.

Mwanariadha na maktaba yake

Msomaji maarufu zaidi wa eneo hili hakutokana na chuo kikuu. Ni Eliud Kipchoge, ambaye Oktoba 12, 2019 alikimbia marathoni jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Anajifua Kaptagat, mwendo mfupi kutoka Eldoret, na kambi hiyo ina maktaba. Kwa miaka mingi amewaambia waandishi wa habari anachosoma: Who Moved My Cheese? ya Spencer Johnson, The 7 Habits of Highly Effective People ya Stephen Covey, Paulo Coelho, na wasifu wa wanamichezo. Wakfu wake umeweka maktaba katika Shule ya Msingi ya Lelmolok, hapahapa katika kaunti ya Uasin Gishu.

Hakuna kampeni ya usomaji inayoweza kufanya alichokifanya mtu huyu kwa mfano wake tu. Huku, kijana anayeamka alfajiri kukimbia humwiga Kipchoge hadi namna ya kufunga kamba za viatu. Akisikia kwamba bingwa hurudi kutoka mazoezini na kushika kitabu, kitabu kinapata heshima ambayo mwalimu hawezi kuipa.

Kuna wasomaji wa fasihi wanaovidharau vitabu vya kujiendeleza. Husema ni vya juu juu, vya kigeni, na kwamba vinamwambia maskini tatizo lake ni fikra zake na si mshahara wake. Wanaovipenda hujibu kwamba wanataka kitabu cha kuwasaidia kesho asubuhi, na riwaya ni starehe ya mwenye nafasi.

Nawaelewa wote, ila hoja ya pili siikubali. Riwaya humsaidia mtu kesho asubuhi pia, kwa njia yake. Mkimbiaji wa miaka kumi na tisa aliyesaini mkataba asiouelewa na sasa anadaiwa na wakala atajifunza zaidi kuhusu deni na utegemezi kwa Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah, kuliko kwa sura kumi za tabia njema. Mzanzibari huyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiswahili ya riwaya hiyo, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo hata kizuizi cha Kiingereza hakipo tena.

Lakini usimnyang'anye kijana Covey wake ili umpe Gurnah. Mpe wa pili baada ya wa kwanza.

Kitabu kinachomjua msomaji

Kuna mahali ambapo kupendekeza kitabu huwa jambo zito sana Kapseret.

Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi hawakutazamana usoni kwa miaka. Waliofukuzwa wako miongoni mwetu, na waliofukuza pia wako.

Sasa fikiria kijana wa Langas ambaye mama yake alihama usiku mmoja wa ghasia zile na godoro kichwani. Anapewa Chozi la Heri. Mwanzoni tu anakutana na Ridhaa, daktari ambaye aila yake imeteketea ndani ya nyumba, na anajua kwamba aliyeongoza uvamizi ni jirani, mtu waliyeishi naye kwa wema. Kijana huyo hasomi maudhui ya ukabila. Anasoma habari za nyumbani kwao.

Baadhi ya wazazi na walimu wanaamini vitabu kama hivi vinatonesha kidonda. Wanasema darasa la Kapseret lina watoto wa pande zote, na mjadala ukiwaka mwalimu hana maji ya kuuzima. Wengine wanashikilia kwamba ukimya ndio uliotufikisha 2008 baada ya ghasia za 1992 na 1997, na kwamba ni afadhali mtoto akutane na jambo hilo kwenye ukurasa, ambako anaweza kufunga kitabu na kupumua, kuliko alisikie kwa mzee mwenye uchungu usiku wa kuamkia uchaguzi.

Mimi niko upande wa pili. Chozi la Heri inafaa kusomwa Uasin Gishu kuliko mahali pengine popote nchini, na kwa sababu hiyohiyo haifai kutupiwa mtu bila neno. Anayeipendekeza huku anapaswa kuwa tayari kuketi na msomaji akimaliza.

Na ningeanza na Kufa Kuzikana. Walibora aliitoa mwaka 2003, miaka minne kabla ya uchaguzi ule, na ndani yake wamo vijana wawili, marafiki wa kufa na kuzikana kama jina lisemavyo, wanaotoka katika jamii mbili zinazouana. Kinachojaribiwa humo ni urafiki. Msomaji wa Kapseret hahitaji kuelezwa chuki ni nini. Anahitaji kuona mtu anayekataa kumwacha rafiki yake chuki ikipita. Vitabu hivyo viwili vikisomwa kwa mfuatano huo, kile kizito hukuta moyo umekwisha kuandaliwa.

> Kila anayependekeza Chozi la Heri huku awe tayari kuketi na msomaji akimaliza.

Inauma kwamba Walibora mwenyewe hayupo tena kuyazungumza haya. Alizaliwa Bungoma, akalelewa Cherang'any, akawa afisa wa urekebishaji tabia, mtangazaji wa habari na mhadhiri. Alifariki Nairobi Aprili 2020, baada ya kugongwa na basi. Alikuwa mtu wa Bonde la Ufa aliyeandika Kiswahili kilichowafanya watu wa pwani wageuke kutazama. Hakuna mwandishi mwingine ambaye ningependa kumwona akisomwa nyumba kwa nyumba katika wadi hizi tano kuliko yeye.

Huyu apewe hiki

Kosa la mapendekezo mengi ni kwamba hayamlengi mtu. Mtu anauliza kitabu kwenye kikundi, na ndani ya dakika tano anamiminiwa majina ishirini, mengi ya Kiingereza, bila neno hata moja la kumwambia kipi kinamfaa yeye. Anashukuru, anaweka alama ya moyo, na hasomi hata kimoja.

Wapakiaji wa magunia kwenye maghala ya nafaka, ambao migongo yao ndiyo inayohamisha mahindi ya Uasin Gishu, ningewapa Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Inahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Rashidi anakua humo kutoka kijana anayetaka kazi tu hadi mtu anayejua thamani ya kazi yake. Nimeona wanaume wasiosoma kitu zaidi ya ukurasa wa michezo wakibishana juu ya riwaya hii kana kwamba msimamizi wa Rashidi ni wa hapa Eldoret.

Mtumishi anayestaafu na kurudi shambani Ngeria asome Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Utubora anaacha kazi ya mshahara na kwenda kulima kwa hiari yake. Lugha yake ni ya taratibu, ya mtu asiye na haraka, na mstaafu hana haraka.

Mzazi anayemfungia binti ndani akidhani amemlinda, nitamshika mkono na kumpa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka 1971 ilizuiliwa shuleni Tanzania kwa kusema waziwazi yale wazazi hawakutaka yasemwe. Ukali wa Zakaria kwa binti yake hauzai heshima. Unamtoa Rosa nyumbani akiwa hajui kuushika uhuru wake. Baadaye mzazi huyohuyo, akiwa amepoa, apewe Vuta N'kuvute, ambamo Yasmini anaozwa kwa mtu mzima mno na kuamua kuishi maisha yake. Amil Shivji aliitolea filamu mwaka 2021, na filamu ni mlango mzuri kwa asiyependa kusoma kurasa nyingi.

Kijana wa bodaboda aliyezoea tamthilia za simu hataki falsafa saa nne asubuhi kwenye steji. Anataka kujua nani kaua. Yupo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, akivuta kiko na kufikiri. Yupo Joram Kiango wa Ben Mtobwa, aliye mwepesi zaidi wa miguu na risasi. Kitabu kinachomfanya dereva akose abiria mmoja kwa sababu hajamaliza sura kimefanya kazi yake.

PDF ya bure inamgharimu nani?

Njia ya haraka ya kupendekeza kitabu siku hizi ni kukituma chenyewe. Mtu akikitaja Kidagaa Kimemwozea kwenye kikundi, mwingine anakirusha kikiwa kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, vidole vya mpiga picha vikionekana pembeni.

Wanaofanya hivyo si wezi wa kujificha. Ni walimu, wanakwaya, vijana wema. Hoja yao ni kwamba duka halipo karibu, maktaba iko mbali, nakala mpya ni ghali, na mwandishi angependa kusomwa kuliko kufungiwa. Ukiishi Megun bila pesa ya nauli, hoja hiyo haionekani ndogo.

Waandishi na wachapishaji wana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 upande wao, na wana hesabu pia. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida huwa karibu asilimia 10 ya mauzo. Riwaya isiyokuwa teule huuzwa nakala chache mno, na faili moja likizunguka vikundi vya Eldoret laweza kumaliza soko lake lote la kaunti. Mchapishaji akiona hivyo, hatoi riwaya ya pili ya mwandishi yule. Anasubiri orodha ya KICD. Kwa hiyo anayesambaza PDF kwa nia ya kukuza usomaji anamrudisha msomaji mikononi mwa mtihani uleule uliomchosha.

Sikubaliani na PDF hizo, na nimewaambia hivyo rafiki zangu wanaonitumia. Nakala ya karatasi ikiazimwa na watu thelathini, kama ile ya fundi wa Langas, sheria haina neno, na kila anayeipenda kweli huwa mnunuzi wa kesho. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi za Kiswahili mtandaoni zilizotolewa kwa leseni huria, na mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzichapisha na kuzigawa. Mwalimu wa chekechea mwenye simu moja anaweza kuanzia hapo bila kumwibia mtu.

> Nakala moja ya karatasi ikiazimwa na watu thelathini, sheria haina neno, na kila anayeipenda huwa mnunuzi wa kesho.

Jambo la bajeti

Hata hivyo, haifai mzigo wote uachiwe mtu mmoja mwenye moyo na droo ya cherehani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka maktaba chini ya serikali za kaunti. Uasin Gishu imejenga masoko, zahanati na vyuo vya ufundi katika wadi zake. Chumba kimoja chenye rafu, taa na mtu wa kuandika majina si mradi mkubwa kuliko hivyo, na kwa Langas yenye msongamano wa vijana wasio na kazi mchana, kingejaa wiki ya kwanza.

Katiba hiyohiyo inawataka viongozi wawashirikishe wananchi katika masuala ya fedha za umma. Vikao hivyo hufanyika wadi kwa wadi, na wanaohudhuria huomba barabara, daraja, maji, na taa za barabarani. Yote ni ya haki. Maktaba ni nadra kutajwa, na ikitajwa hutajwa kama jengo tu, bila mtu kusema ndani yake kuwekwe nini.

Hapo ndipo wapendekezaji wa Kapseret wanapoweza kuonyesha wanachokijua. Fundi wa Langas anaweza kueleza ni nakala ngapi za Siku Njema zinahitajika, kwa sababu ana foleni ya majina. Wanaobishana juu ya Rashidi kwenye ghala wanaweza kuomba Kuli. Kocha wa wakimbiaji anaweza kuomba Peponi pamoja na Covey. Kikao kijacho cha bajeti kikitangazwa katika wadi yako, nenda na ombi la maktaba, na chini yake uandike majina ya vitabu vitano unavyotaka vinunuliwe kwanza, pamoja na unayetaka avisome.